Chungu cha Matundu

Shangazi yangu alikuwa mfinyanzi, na katika maisha yake yote hakuna chungu kilichomkera kama kile alichoagizwa na bibi wa Kihindi aliyekuwa mwenye nyumba wangu pale Handeni. Nilikuwapo siku ya maagizo. Bibi alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, sari yake nyeupe ya ujane imefunika kichwa, na shangazi alisimama uani akiwa bado na udongo kwenye viwiko.

"Chungu, sawa," alisema shangazi. "Lakini matobo ya nini?"

"Matobo mingi," alijibu bibi. "Kila pahali. Juu, chini, pembeni."

"Utapika nini humo, dada? Upepo?"

"Napika taa."

"Taa haiivi."

"Yako haiivi. Yangu inaiva."

Wakacheka wote wawili, wanawake wa rika moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ana kasoro ndogo ya akili isiyomzuia kuwa mtu mwema. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha dukani na jikoni, lakini kwa kubishana kilimtosha. Shangazi aliondoka akinong'ona kwamba tangu azaliwe hajawahi kutoboa chungu kwa makusudi. Hata hivyo alikitoboa, kabla hakijachomwa, akitumia kijiti cha mtama, na alikitoboa vizuri, maana hakujua kufanya kazi vibaya.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nyumbani kwetu ni Kwedizinga, lakini baba na shangazi walikuwa wamehamishiwa pamoja na wengine katika kijiji kipya kilichopimwa karibu na lambo, nje kidogo ya mji wa Handeni. Baba yangu alifundisha Kurani, na watu walimwita Maalim. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke kijana asiyeolewa bado. Asubuhi nilifundisha watoto, na alasiri nilifundisha kusoma na kuandika watu wazima wa kijiji kile kile cha baba. Nilipanga chumba katika ua wa bibi. Mwanawe, mtu mpole aliyepungukiwa na maneno, aliendesha duka lililokuwa mbele. Marehemu mumewe ndiye aliyelifungua duka hilo. Bibi alipenda kusema kwamba alifika Handeni akiwa bibi harusi mwenye meno yote, na kwamba Handeni imeyala moja moja, kwa hiyo mji huu una deni kwake na hauwezi kumfukuza. Alisema hivyo kwa mzaha. Hakuwa na mahali pengine duniani anapopaita kwake.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wazima, tena waliosoma, wakilimaliza jambo zito kwa sentensi moja: Wahindi wana miungu mingi, wanaabudu masanamu, basi. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Maalim, na sina shaka katika imani yangu. Lakini kuhukumu dini ya jirani kabla ya kumuuliza jirani mwenyewe ni uvivu, na uvivu katika mambo ya Mungu ni dhambi iliyovaa joho la ucha Mungu.

Mimi nilimuuliza. Ilikuwa jioni moja ya sikukuu yao ya siku tisa, ambayo huja mwishoni mwa kiangazi, wakati watu wa Handeni wanatazama mbingu na kuhesabu magunia yaliyobaki. Nilikuwa nimerudi kutoka darasa la watu wazima. Katikati ya ua, juu ya kigoda, kilikuwapo chungu cha shangazi, na ndani yake utambi uliwaka katika samli. Nuru ilitoka kwa kila tundu ikatua ukutani, kwenye mapipa, kwenye nguo zilizoanikwa. Wanawake wa zile familia chache za Kihindu za mjini walikizunguka wakiimba na kupiga makofi, mwendo wa polepole, bibi akiwa katikati yao. Kando ya chungu kulikuwa na sahani ya udongo ambamo bibi alikuwa amepanda punje za mtama. Punje hizo, zilizomwagiwa maji kidogo kila siku na kufunikwa gizani, zilikuwa zimechipua majani membamba ya kijani kilichopauka.

Wageni walipoondoka nilimwambia waziwazi, "Bibi, samahani. Mnaabudu chungu?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali lililo katika ukurasa wa kwanza.

"Wewe," alisema, "asubuhi unaswali. Unatazama wapi?"

"Kibla."

"Mbele yako kuna nini?"

 Mbele yangu, katika chumba nilichopanga, kulikuwa na ukuta wa stoo yake ya chumvi na mafuta ya taa.

"Ukuta yangu," alijijibu mwenyewe. "Mimi sijasema mwalimu anaabudu ukuta."

Kisha aliufunika upande mmoja wa chungu kwa kiganja. Nuru iliyokuwa juu ya mapipa ikatoweka.

"Taa imepungua?"

"Huku imepungua."

"Ndani?"

Niliinama nikachungulia mdomoni mwa chungu. Utambi uliwaka vilevile.

"Ndani haijapungua," nilisema.

"Basi. Sisi tunasema Mungu moja. Hapana sura, hapana mwanzo, hapana mwisho. Lakini tobo ni mingi. Huyu anaona kwa tobo hii, anaita Mama. Yule anaona kwa tobo ile, anaita jina ingine. Mtu mjinga anagombana kwa sababu ya tobo."

Nilimjibu nilivyofundishwa: kwamba Mungu hana sura kweli, na ndiyo sababu hatumwekei sura, wala hatumwaliki kuingia katika kitu kilichofinyangwa na mikono ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Wewe una nguvu. Mimi mzee, moyo yangu haikai kwa kitu hapana sura. Inateleza. Basi namwomba aje akae kidogo hapa, siku chache, mimi nimtazame. Halafu naagana na Yeye. Chungu inakwenda kwa maji." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini wewe ongea na Yeye bila chungu. Mimi nasikia sauti yako kila alfajiri kwa ukuta. Mimi naamka na sauti yako."

Sikukubaliana naye, na leo pia sikubaliani naye. Lakini niliingia chumbani kwangu nikijua ninachokikataa, na hilo ni jambo ambalo wakataaji wengi hawajawahi kulipata.

Nieleze sasa juu ya maji, kwa kuwa hapo ndipo balaa lilipoingia. Desturi yao iliwataka, sikukuu ikiisha, wakitie chungu pamoja na ile miche katika maji. Kila mwaka mwanawe alikipeleka Korogwe kwa lori la mizigo, akakiachia katika mto Pangani, nao mto ukakichukua bila swali. Mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimetunyima. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa hayajafika magotini, dizeli ilikuwa haba, na malori hayakuja. Siku ya kuagana ilifika ikapita, na chungu bado kilikuwa kigodani. Bibi alihangaika. Kwake ilikuwa kama mgeni aliyekwisha kuagwa na bado amezuiliwa mlangoni. Hatimaye alimwambia mwanawe, "Maji ni maji. Peleka lambo."

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na ni kosa la mtu aliyelelewa na mito. Mto hupokea kitu ukaondoka nacho. Lambo hukaa na kila kilichotiwa ndani yake, nalo mwaka ule lilikuwa limebaki dimbwi katikati ya matope yaliyopasuka. Mwanawe alikwenda alfajiri, akakitupa chungu mbali kadiri alivyoweza, akarudi kufungua duka. Hakukaa kuona kwamba hakikuzama.

Wanawake wa kijiji walipofika na ndoo zao walikikuta kimekaa wima juu ya tope: chungu chenye macho kila upande, kimepakwa poda nyekundu, na mdomoni mwake kimefungwa uzi wenye majani mabichi ya mtama.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asielewe kwa nini walitupa ndoo wakakimbia. Kwetu kila mtu amesikia tangu utotoni kwamba mvua inaweza kufungwa. Mtu mwenye nia mbaya huchukua chungu, hutia humo mbegu na mambo mengine, hukificha penye maji, na mawingu hupita juu ya mashamba yenu yakienda kwa wengine. Hapa palikuwa na chungu, penye maji, chenye mbegu. Kabla jua halijawa kali, kijiji kizima kilikuwa kimejua ukame umetoka wapi. Na hakuna aliyethubutu kuchota maji.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye haki lakini mwoga wa kelele, aliita mkutano mbele ya ghala la kijiji, ambalo wakati ule halikuwa na kitu ndani. Bibi na mwanawe waliletwa. Mimi niliitwa kutoka shuleni nikawe mkalimani, kwa kuwa nilikaa ua mmoja nao. Bibi aliketi chini, nyayo zake zimekunjwa chini ya sari. Mwanawe alisimama nyuma yake, mikono ikiwa imeshikana kama mtu aliyefungwa kamba ambayo haionekani.

Mtu mmoja, ambaye shamba lake lilikuwa limekauka lote, alisimama akapiga kifua.

"Mimi nina swali moja tu. Mtama wangu umekufa. Wa kwako umeota ndani ya chungu. Umeota kwa maji ya nani?"

Watu wakaguna kwa pamoja, mguno mmoja mzito.

Mwingine akasema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa, tunaambiwa. Mimi wa kwangu huyu hata kiatu asiniachie. Aende nacho!"

Baadhi wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na furaha. Ikasemwa kwamba duka lifungwe na kwamba mama na mwana waondoke Handeni kwa gari la kwanza litakalopata mafuta. Sauti moja kutoka nyuma ikauliza kwa nini wasubiri gari. Nilimwona mwanawe akitazama upande wa mji, kulikokuwa na nyumba yao. Bibi hakutazama popote.

Mwenyekiti alinigeukia. "Mwalimu, muulize. Ndani ya kile chungu ametia nini?"

"Hapana kitu," alijibu bibi kabla sijamtafsiria.

"Basi kilikuwa cha nini?"

Alianza kwa Kiswahili, kikamkwama, akaendelea kwa Kigujarati. Mwanawe aliniambia maana kwa sauti ya chini, nami nikaisema kwa sauti kubwa. "Anasema ni chungu cha ibada. Alimwalika Mungu, akakaa naye siku za sikukuu, kisha wakaagana. Chungu kikiisha kuagwa ni udongo tu. Angekuwa anakiabudu asingekitupa."

"Huyo Mungu wake amekwenda wapi?" aliuliza yule mwenye shamba. "Ameingia majini? Sisi tunywe?"

Hapo bibi aliinua uso, akajibu mwenyewe, na maneno yake sikuyatafsiri kwa sababu kila mtu aliyaelewa.

"Hakwenda pahali. Yeye yuko kila pahali. Mimi ndiyo nilihitaji pahali."

Kelele zilipungua kidogo, lakini hazikwisha. Mwenyekiti, akitafuta mtu wa kumbebesha mzigo, akamwita baba yangu. "Maalim, wewe umesoma. Huu ni uchawi au si uchawi?"

Baba alisimama taratibu. Nilimwogopa. Nilijua anavyolichukia sanamu, na nilijua kwamba hajapata kupenda mimi nipange katika nyumba ile.

"Bibi huyu," alisema, "amesema kwamba alimwalika Mungu katika udongo. Hilo mimi nalikataa, na siku tukikaa wawili nitamwambia uso kwa uso. Mungu hafananishwi na kitu. Lakini hamkuniita kwa hilo. Hilo ni baina yake na Muumba wake, na hesabu yake haikuwekwa mikononi mwa mkutano wa kijiji."

"Sasa mvua, Maalim!" alipiga kelele mtu.

"Nakuja kwenye mvua. Yeye anasema chungu kile ni kitupu, hakina uwezo. Ninyi mnasema kina uwezo wa kuzuia mvua ya Mwenyezi Mungu, na kwa kukiogopa mmeacha watoto wenu na kiu tangu asubuhi. Nawauliza mnijibu ninyi mnaoswali nyuma yangu. Baina yake na ninyi, nani amekifanya chungu kuwa mungu?"

Yule aliyetaja kiatu alikuwa wa kwanza kuketi. 

Lakini hoja haizimi hofu mara moja, na kiu haisikilizi mantiki. Yule mwenye shamba alisema, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa ya kusihi zaidi kuliko kushtaki, "Maneno ya chuoni hayo, Maalim, sisi wengine hayatufiki. Kama ni kitupu, akivunje mbele yetu. Akikivunja kwa mkono wake, mimi nitachota maji."

Wakakubali wote. Ila hapakuwa na mtu wa kwenda kukitoa topeni. Vijana waliokuwa wakisema sana walitazama vidole vya miguu yao. Ndipo shangazi alipokunja kanga yake magotini.

"Mimi ndiye niliyekizaa," alisema. "Siwezi kukiogopa mtoto wangu. Pisheni."

Alitembea hadi lambo, akaingia katika tope lililomfika kwenye mashavu ya miguu, akakibeba chungu kifuani kama anavyobeba vyungu vyote, akaja kukiweka mbele ya bibi. Wale wanawake wawili wakatazamana. Hakuna aliyecheka safari hii.

Bibi alikiinua. Mwanawe alisema neno kwa lugha yao, kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, akaushika mkono wa mama yake. Bibi alimjibu kwa upole. Mwanawe akauachia ule mkono, naye bibi akakinyanyua chungu hadi usawa wa kifua, akakiachia kikaanguka juu ya ardhi kavu. Kilipasuka vipande. Ndani hapakuwa na kitu isipokuwa masizi na tope.

Wanawake walichota maji kabla ya magharibi. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyanywa.

Duka halikufungwa siku ile, na hakuna aliyewatoa Handeni. Mvua ya vuli ilichelewa, ikaja kidogo, isiyomtosha mtu yeyote kudai ushindi. Hakuna aliyemwomba bibi radhi. Ila yule mwenye shamba alikuja dukani kutafuta chumvi, akamkuta bibi kizingitini, akakuna shingo, kisha akasema, "Shikamoo, bibi." Naye akajibu, "Marahaba. Watoto wanakunywa maji?" "Wanakunywa." Hayo tu ndiyo yaliyopita baina yao. Nimewahi kusoma maridhiano marefu zaidi yaliyokuwa na uzito mdogo kuliko hayo.

Lile neno alilosema mwanawe nilimuuliza baadaye. Alikuwa akipanga sabuni kwenye rafu, hakugeuka. Alisema kwamba katika desturi yao, mtu havunji chungu mbele ya watu ila siku moja tu: siku ya kumchoma maiti, anapokivunja mtoto wa marehemu, kuonyesha kwamba mwili ulikuwa chombo na aliyekuwamo ametoka. Ndiyo sababu alimshika mkono. Alimwambia mama yake kwamba anajivunjia chungu cha mazishi yake mwenyewe. Na mama alimjibu kwamba bora avunje yeye akiwa hai, mwanawe apate pa kuishi.

Shangazi aliviokota vigae vyote siku ile ile akavifunga kwenye kanga. Watu walidhani anakwenda kuvizika mbali. Hakuvizika. Mfinyanzi husaga vigae vya vyungu vikuukuu akavichanganya na udongo mbichi, ili chungu kipya kisipasuke motoni. Alivisaga. Kwa hiyo katika mitungi iliyotumiwa na kijiji kile kwa miaka iliyofuata, wakiwamo wale waliopiga kelele nyuma, kulikuwa na unga wa chungu cha bibi. Hakumwambia mtu ila mimi, na aliniambia kama jambo la kawaida la kazi, bila kutaka nilione kuwa lina maana.

Miaka ikapita. Maduka ya watu binafsi yaliagizwa yafungwe ili vijiji viwe na maduka yao, na bibi na mwanawe wakahamia Korogwe, ambako mwanawe alipata kazi ya ukarani. Mimi nilikuwa nimeolewa, na nilimtembelea bibi kila nilipopita. Alikuwa amedhoofika, lakini bado alisikika akisema kwamba anakosa sauti ya mtu ukutani alfajiri. Shangazi aliendelea kumtumia chungu cha matundu kila mwishoni mwa kiangazi, kikisafiri kwenye basi mapajani mwa mtu yeyote aliyekubali kukipakata, na mwaka wa mwisho alikifuatisha na chungu kizima cha maji.

Bibi alipofariki, mwanawe alituma mtu hadi Handeni kutuarifu, nasi tulifika siku ile ile, mimi na shangazi. Baba hakuwa na nguvu tena za kusafiri, lakini alimwagiza shangazi ampe mwana mkono wa pole kwa niaba yake. Walimchoma kando ya mto Pangani. Sisi tulisimama mbali, pamoja na wanawake, kwa heshima ya desturi isiyo yetu. Tulimwona mwanawe akizunguka kuni huku amebeba begani chungu cha maji kilichotobolewa tundu moja, maji yakimtiririka mgongoni na kuchora duara ardhini. Hata kutoka pale tulipokuwa, shangazi alikitambua.

"Cha kwangu," alisema. "Kile cha maji, cha mwaka jana."

Duara lilipokamilika, mwanawe alikiachia nyuma yake bila kugeuka, kikavunjika.

Baadaye, moto ulipokuwa umetulia na watu wameanza kuondoka, tulipita karibu na pale. Vigae vilikuwa vimetapakaa katika udongo ulioloa. Shangazi aliinama kwa mazoea, akanyoosha mkono, akakigusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kisha akajizuia, akasimama, akajifuta mkono kwenye kanga.

"Hivi tuviache," alisema. "Hivi vina mwenyewe."